Kwa nini waimbaji wengi wa enka wa miaka ya 1960 walibuma na wimbo wa kwanza?

#1 MpigaSanturi

Wakuu, habari za wakati huu.

Tangu Ramadhani iliyopita nasikiliza enka za Kijapani kwa mtindo wangu. Nachagua mwimbaji mmoja, natafuta santuri yake ya kwanza kabisa, naizoea, ndipo naigusa ile iliyompa jina. Kwa asiyeijua, enka ni nyimbo za majonzi: bandari, pombe, mvua, mama aliyeachwa kijijini, mwanamke anayesubiri mtu asiyerudi. Sauti inavunjwavunjwa kooni, na huko kuvunja wenyewe wanakuita kobushi.

Sasa kuna jambo limejirudia mpaka nimeshindwa kulinyamazia. Kitajima Saburō alitoa santuri yake ya kwanza Juni 1962, "Bungacha Bushi". Ikafungiwa. Mwaka huohuo akatoa "Namida-bune", na hapo ndipo akawa Kitajima. Miyako Harumi alianza Machi 1964 na "Komaru no Koto yo", kimya. Oktoba ya mwaka huohuo akaja na "Anko Tsubaki wa Koi no Hana", Japani nzima ikageuza shingo, na tuzo ya mwimbaji mpya akapewa. Sen Masao naye 1965 alianza na "Kimi ga Suki". Nani anaukumbuka? "Hoshikage no Waltz" ya 1966 ndiyo iliyomtoa, tena baada ya kusubiri sana.

Dai langu ni hili: wimbo wa kwanza ulikuwa wa mwalimu, ule uliofuata ndio wa mwimbaji. Waimbaji wa wakati ule walilelewa na watunzi, wengine wakiishi nyumbani kwa mwalimu, wakipika na kufagia. Mwalimu anakupa wimbo alionao kabatini. Ukishabuma ndipo anakaa chini na kujiuliza, hivi huyu mtoto ana koo la namna gani?

Nipingeni.

#2 Kijana_wa_Ilala

Mkuu, mbona umemruka Misora Hibari? Yeye alianza 1966 na "Kanashii Sake" na hakubuma hata kidogo.

#3 FundiRedio

Kijana, hapo naomba nikurekebishe. Hibari alizaliwa Yokohama mwaka 1937 na santuri yake ya kwanza ni "Kappa Boogie Woogie" ya 1949. Alikuwa mtoto wa miaka 12. Hiyo "Kanashii Sake" ya 1966 aliimba akiwa tayari malkia. Kwa hiyo hayumo kwenye swali la mleta uzi, ingawa naye pia siyo "Kappa" iliyomweka midomoni mwa watu. Ni "Kanashiki Kuchibue", mwaka uleule wa 1949.

Turudi kwa mleta uzi. Ndugu yangu, umechagua mifano inayokufaa. Ngoja nikupe yangu.

Mori Shin'ichi, Juni 1966, "Onna no Tameiki". Santuri ya kwanza na ikavuma. Sauti ile ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekesha msibani, wengi walidhani haiuziki. Suizenji Kiyoko, 1964, "Namida o Daita Wataridori", ya kwanza na ikavuma. Uchiyamada Hiroshi na Cool Five, 1969, "Nagasaki wa Kyō mo Ame Datta", ya kwanza na ikavuma. Fuji Keiko, Septemba 1969, "Shinjuku no Onna", msichana wa miaka 18. Albamu yake ya kwanza ilikaa kileleni mwa chati ya Oricon, ile orodha ya mauzo ya santuri Japani, wiki 20 mfululizo mwaka 1970, ya pili ikaipokea kiti na kukaa wiki 17 nyingine. Wiki 37 za mtu mmoja.

Hao wanne utawaweka wapi?

#4 MpigaSanturi

Fundi, asante. Hibari hayumo kweli.

Hao wanne nawajua, lakini tazama miaka. Ukimtoa Suizenji, wote ni 1966 kwenda mbele. Waliobuma ni 1962 hadi 1965. Kitu kilibadilika katikati. Halafu Cool Five wengine hawaihesabu enka, wanaiita kayō, yaani wimbo wa kileo, ya vilabuni: saksafoni, sauti za nyuma zinazonong'ona.

#5 FundiRedio

Kwa hiyo wakikupinga unawatoa kwenye enka? Hiyo siyo haki mkuu. Hata hilo jina enka, kwa maana tunayoitumia leo, lilikuja kushika mwishoni mwa miaka ya 1960. Kitajima alipotoa "Namida-bune" watu waliiita tu wimbo wa kileo. Neno lenyewe la zamani lilikuwa la nyimbo za siasa za enzi ya Meiji, hotuba zilizoimbwa barabarani ili polisi wasizivunje. Ukichora mpaka, uchore kabla ya kuhesabu.

#6 Bint_Makorora

Nimesoma wote na naona mnakosa kitu kimoja. Mnawahesabu waliobaki tu.

Mjomba wangu alikuwa mwimbaji Tanga, zamani hizo. Bendi ilirekodi nyimbo nne, mmoja ukiwa wake, wa kwanza. Ulipigwa redioni mara mbili. Nyumbani walikaa na betri mpya wiki nzima wakisubiri mara ya tatu. Haikuja. Akarudi baharini na mtego wake, na mpaka anazikwa hakuna aliyemuuliza wimbo wa pili ungekuwaje. Hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Sasa Japani walikuwepo wangapi kama yeye? Aliyebuma na wimbo wa kwanza akapewa wa pili, huyo tayari ana bahati, ndiyo maana tunamjua. Ndiyo maana inaonekana kama "wa kwanza unabuma, wa pili unavuma". Waliobuma nyimbo zote mbili wako kimya makaburini.

#7 Kijana_wa_Ilala

Bint umenigusa. Wimbo wa mjomba ulihifadhiwa?

#8 Bint_Makorora

Hapana. Maneno ya ubeti mmoja mama anayo kichwani, tuni imeshampotea. Tuendelee na uzi.

#9 Mswahili_wa_Nagoya

Salaam nyote. Niko Japani mwaka wa kumi na moja sasa, kazi yangu ni magari yaliyotumika. Jioni nikitoka yadi napita kwenye kibaa kidogo cha karaoke, viti saba tu, mwenye nacho ni mama wa zaidi ya miaka themanini. Swali la mleta uzi nilimpelekea jana.

Alicheka, kisha akainua mguu kama anapanda kitu. Akasema enzi zake mwimbaji mpya alikuwa anasimama juu ya sanduku la machungwa mbele ya duka la santuri na kuimba kwa wapita njia. Duka hadi duka, mji hadi mji, halafu usiku baa hadi baa. Kwa maoni yake wimbo wa kwanza haukuwa wa kuuzwa, ulikuwa wa kumfundisha mtoto kusimama. Mwenye duka akishakujua uso, santuri ya pili anaiweka mbele. Kwa hiyo kwake siyo mwalimu wala koo. Ni miguu.

Na Sen Masao mimi nina ushahidi mkononi. Nilinunua "Hoshikage no Waltz" kwenye duka la vitu vikuukuu, ile santuri ndogo yenye tundu kubwa katikati, na karatasi ya maneno imekunjwa ndani. Wimbo ule ulikuwa upande wa pili! Kampuni ilikuwa inauza upande wa kwanza. Sahani yangu upande wa pili umechakaa mpaka mifereji imekuwa myeupe, ukiweka sindano inavuma kama mvua kwenye bati. Watu waliugeuza wenyewe. Redio ya waya za mabaa, ile ambayo mlevi anapiga simu kuomba wimbo, ndiyo iliusukuma polepole hadi 1968, mwaka ambao Sen alipanda jukwaa la Kōhaku, lile onyesho la usiku wa Desemba 31.

#10 Dada_Kishimo

Mswahili wa Nagoya, umewahi kuusikiliza upande wa kwanza?

#11 Mswahili_wa_Nagoya

Dada, kusema kweli sijawahi.

#12 Dada_Kishimo

Sawa, utatuambia. Mimi naleta maelezo ya nne, ya mkataba.

Watunzi wa mashairi na wa muziki walifungwa na kampuni moja moja ya santuri. Ukiwa mtunzi wa Columbia huandikii nyumba nyingine. Kwa hiyo mwimbaji mpya hachagui. Anapewa kilichopo ndani ya nyumba yake. Sasa mwangalieni Suizenji Kiyoko ambaye Fundi kamtaja kuwa alivuma mara moja. Yeye alitolewa na Crown, kampuni iliyoanzishwa 1963 na watu waliotoka Columbia. "Namida o Daita Wataridori" ukitazama majina ya watunzi utaona mashairi ya Arita Megumu, muziki wa Izumi Yutaka. Hayo majina ni ya kuazima. Arita ni Hoshino Tetsurō, Izumi ni Ichikawa Shōsuke, wote wakati huo wamefungwa Columbia!

Na mwaka uleule wa 1964, wawili haohao, kwa majina yao halisi, ndio waliompa Miyako Harumi "Anko Tsubaki". Wale wawili waliokoa mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa uani. Kwa hiyo mimi sioni habari ya wimbo wa kwanza wala wa pili. Naona habari ya lini ulikutana na Hoshino.

#13 MpigaSanturi

Dada Kishimo, hii sikuijua kabisa. Asante sana. Lakini huoni kwamba unanipa nguvu? "Bungacha Bushi" na "Namida-bune" mashairi yote mawili ni ya Hoshino, muziki wa Funamura Tōru. Watunzi walewale, mwimbaji yuleyule, mwaka mmoja. Mmoja umeanguka, mmoja umesimama. Kama siri ni kukutana na Hoshino, Kitajima alikwishakutana naye tangu wa kwanza.

#14 Nahodha77

Lakini "Bungacha Bushi" haukuanguka kwa sababu ni mbaya. Serikali ya Japani iliufungia.

#15 FundiRedio

Siyo serikali, Nahodha. Ni vituo vya utangazaji vyenyewe vilivyoacha kuupiga, kama wiki moja hivi baada ya kutoka. Katika kiitikio kuna sauti "kyu, kyu, kyu", na wazee wa vituo wakasikia chaga za kitanda. Wimbo wenyewe ulitokana na nyimbo za mitaani na za vilabuni ambazo watu waliziimba wakipiga makofi. Nimeusikiliza: mchangamfu, wa kunywea, hauna matusi ya wazi hata moja.

Na hapa ndipo naona mleta uzi ana hoja nusu. Kitajima alikuwa nagashi, mwimbaji wa kuzunguka mabaa ya Shibuya na gitaa, bei ya kawaida nyimbo 3 kwa yeni 100. Funamura na Hoshino walipomtazama wakaona mtu wa baa, wakampa wimbo wa baa. Walisahau kwamba alitoka Shiriuchi, kijiji cha pwani ya Hokkaidō. "Namida-bune" ni wimbo wa mvuvi wa bahari ya kaskazini, na ile nota ya kwanza anayoipandisha, huwezi kuipandisha hivyo kama hujawahi kumwita mtu aliye kwenye mashua nyingine.

#16 Nahodha77

Nimekubali marekebisho. Na hiyo sentensi ya mashua ni kweli kabisa. Nimefanya kazi kwenye meli za uvuvi miaka sita. Ukimwita mwenzako penye upepo, sauti unaianza juu, halafu unaiacha ianguke yenyewe. Ukianzia chini upepo unaimeza.

#17 MzeeGambusi

Wanangu, hamjambo. Mie ni wa Mombasa, niwaache kidogo na lenu niseme langu.

Mwasema kobushi kama kitu kigeni. Kule kuivunja sauti kooni mtu wa taarabu haimshangazi. Lakini iko kamba nyengine ya kweli kati yetu na wao. Babu yangu Mji wa Kale alikuwa na taishokoto. Ni ubao mrefu kama mkono, una nyuzi juu, na mkono wa kushoto wabonyeza vidude vya mviringo kama vya mashine ya kupigia chapa, mkono wa kulia wakwaruza kwa kipande cha pembe. Vidude vilikuwa na nambari, na nambari ya 5 ilikuwa imefutika kwa kidole chake. Tulipokuwa wadogo twadhani ni ala ya Kihindi.

Kumbe ni ya Mjapani, Morita Gorō wa Nagoya, 1912, mwaka wa kwanza wa enzi ya Taishō, na jina lake ndilo hilo. Ikavuka bahari, ikaingia katika taarabu ya Mombasa na Unguja. Basi Wajapani walikuja katika nyimbo zetu kitambo kabla ya nyinyi kuingia katika zao.

#18 Mswahili_wa_Nagoya

Mzee shikamoo. Naishi Nagoya na hili sikulijua! Hapa wazee wanaipiga kwenye vikundi vya mtaa. Kesho nampelekea mama habari hii.

#19 MzeeGambusi

Marahaba mwanangu. Mwambie ile ya babu ingali yalia, uzi mmoja tu umekatika.

#20 Kijana_wa_Ilala

Swali: Itsuki Hiroshi yuko upande gani? Yeye 1971 alitoa "Yokohama Tasogare" ikalipuka. Huyo si ametoboa na wa kwanza?

#21 Dada_Kishimo

Kijana, leo una mkosi. Hiyo 1971 ni ya kwanza kwa jina hilo tu. Alianza 1965 Columbia kwa jina la Matsuyama Masaru, wimbo "Shinjuku-eki kara". Ukabuma. Akabadilishwa kuwa Ichijō Eiichi. Akabuma. Akawa Mitani Ken. Akabuma. Mwisho akaingia kwenye shindano la televisheni la waimbaji, akashinda wiki 10 mfululizo, na kati ya majaji walikuwepo Yamaguchi Yōko na Hirao Masaaki, ndio waliomtungia "Yokohama Tasogare". Jina la nne, ndipo likashika.

Huyu namwona kama jibu kwa Bint Makorora. Ni mtu aliyekuwa kaburini mara tatu akatoka.

#22 Bint_Makorora

Ametoka mmoja, dada. Hilo shindano washiriki walikuwa wangapi?

Lakini sina ubishi, huyu Itsuki moyo anao. Kubadilishwa jina mara tatu, na kila mara kuambiwa lililopita halikufaa kitu!

#23 FundiRedio

Na kuna mwingine anayevuruga hoja zote: Kobayashi Sachiko. Mtoto wa Niigata, wimbo wa kwanza 1964 "Usotsuki Kamome", muziki wa mtunzi mkubwa Koga Masao mwenyewe, akiwa na miaka 10. Ulipokewa vizuri. Halafu ukame wa miaka 15! Mpaka "Omoide Zake" ya 1979.

Mwalimu alikuwa mkubwa kuliko wote, koo lilikuwepo, kampuni ilikuwepo, wimbo wa kwanza haukubuma. Mleta uzi, huyu unamwelezaje?

#24 MpigaSanturi

Simwelezi, Fundi. Labda kwa sababu wimbo ulimpenda akiwa mtoto na yeye akakua. Sauti ya miaka 10 haiwezi kudaiwa ukiwa na 17. Hii nasema kama baba, binti yangu aliimba kaswida shuleni hadi akavunja ungo, kisha sauti ikashuka na akaacha kabisa. Sasa anaanza tena, kwa sauti nyingine.

#25 Nahodha77

Nje ya miaka ya 1960 kidogo: mnamkumbuka Jero? Mmarekani mweusi kutoka Pittsburgh, bibi yake mzaa mama alikuwa Mjapani. Wimbo wake wa kwanza "Umiyuki", Februari 2008, uliingia chati ya Oricon nafasi ya 4, na mwisho wa mwaka akapanda Kōhaku. Kofia, suruali pana, na kobushi safi. Niliuona kwenye televisheni ya meli, bandarini, na mabaharia wa Kijapani wakanyamaza wote. Aliacha muziki 2018. Kwake wa kwanza ndio ulibaki mkubwa.

#26 Kijana_wa_Ilala

Huyo nakwenda kumtafuta sasa hivi.

#27 Dada_Kishimo

Angalizo moja kwa wote kabla sijalala. Oricon ilianza kupanga chati 1968. Kwa hiyo tunaposema wimbo wa 1962 au 1964 "ulibuma", tunategemea masimulizi na hesabu za kampuni zenyewe. Fuji Keiko tuna wiki zake kwa hesabu. "Komaru no Koto yo" hatuna. Inawezekana haukubuma kama tunavyodhani, bali "Anko Tsubaki" ulikuwa mkubwa mno ukaufunika.

#28 MpigaSanturi

Dada, hilo limenikalia. Ila uutazame hata huo wimbo wenyewe: jina lake limeandikwa Kijapani cha kuvunjavunja, kama wanavyomwigiza mgeni wa Kichina. Wakampa msichana wa miaka 16 wimbo wa kuchekesha. Miezi saba baadaye yuleyule anaunguruma katika "Anko Tsubaki" mpaka spika inatetemeka. Hesabu tuna au hatuna, masikio yangu yananiambia hawakuwa wamemsikia.

#29 FundiRedio

Na mimi masikio yangu yananiambia Inomata Kōshō alimsikia Mori Shin'ichi mara ya kwanza tu, akatunga "Onna no Tameiki" kwa koo lile lile la kukwaruza. Basi waalimu hawakuwa sawa. Tutaendelea kesho, umeme unakatika huku.

#30 Mswahili_wa_Nagoya

Nimerudi. Mama wa baa amefurahi sana na habari ya taishokoto ya Mzee Gambusi, amesema anataka picha. Mzee, ukiweza piga picha hiyo nambari 5 iliyofutika.

Dada Kishimo, usiku nimeugeuza upande wa kwanza wa ile santuri ya Sen Masao. Mifereji inang'aa, hakuna mkwaruzo hata mmoja, nadhani mwenyewe wa kwanza hakuwahi kuupiga zaidi ya mara moja mbili. Nimeusikiliza mara tatu mfululizo. Sauti ni ileile, kijana yuleyule. Bado sijajua kwa nini waligeuza.